Unyonge Wote wa Mjomba Khagen

Kwetu Krishnanagar ukimuuliza mtu habari za asubuhi, usitarajie akujibu nzuri. Akisema nzuri, majirani watajiuliza anaficha nini. Atakuambia tumbo limefunga, au limefunguka kupita kiasi, gesi imempanda hadi kifuani, usingizi haukuja, na goti la kushoto linanusa mvua. Baridi ya kwanza haijatia mguu mjini, sisi tumeshajifunga mafla shingoni na kuvaa kofia za sufu za kufunika masikio, yamebaki macho tu nje, nayo yanatoka machozi. Ndivyo tulivyo. Sasa katika mji kama huo, mtu akitokea akajulikana yeye hasa kwa unyonge, jueni huyo si mtu wa mchezo.

Mtu huyo alikuwa Khagen Samaddar, muuza sari katika duka la Poddar, mtaani kwetu nyuma ya soko la samaki.

Mwili wa Khagen haukuwa na ugonjwa wenye jina, na jambo hilo lilimuudhi sana. Madaktari walimpima moyo, mapafu na mkojo, wakamwambia yu sawa, naye akatoka amenuna kama mtu aliyenyimwa haki yake. Alichokuwa nacho ni kukosa nguvu, basi. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kujivunia, alikijua kitu hicho ndani nje. Watu wengine wakichoka husema wamechoka. Yeye neno hilo hakuligusa.

"Kuchoka ni kwa watu waliofanya kazi," alikuwa akisema. "Mimi nisije nikawaibia."

Mnyonge alikuwa asubuhi, mwili ukiwa umeshaamka na mwenyewe bado. Kulegea yalikuwa mambo ya viungo, hasa mawingu yakitanda. Hoi alikuwa akifika juu ya ngazi za nyumbani kwake, na kama amebeba kabichi, basi ni hoi bin taabani. Dhaifu aliliona neno la ofisini, zuri kwa kumwandikia Poddar barua ya kuomba ruhusa, lakini halina ladha. Mahututi aliliweka akiba kwa siku kubwa. Goigoi aliwaachia watu waseme wao, maana alijua watalisema tu hata akiwakataza. Lakini ole wako umwite hafifu.

"Hafifu ni kitambaa!" alikuwa akifoka. "Mimi nauza vitambaa, najua. Kitambaa hafifu ukitia mkono ndani unauona. Mimi umeniona mkono ndani?"

Na kusema kweli, akisimama mlangoni jua likiwa nyuma yake, ilikuwa karibu uuone.

Dukani alikaa juu ya godoro jeupe na wenzake, akiwafungulia wateja sari. Hapo usimtanie, alikuwa fundi. Kiganja kikipinduka mara moja, sari nzima inamwagika mbele ya mteja, upindo wake umeangukia palepale alipotaka. Lakini ni sari za pamba tu. Hariri nzito za Banaras zenye nyuzi za dhahabu, zile zinazovaliwa na maharusi, aliwasukumia wenzake kwa kidole cha mguu huku akitazama dari.

Kuoa hakuoa. Nani angempa binti yake mwanamume anayepumzika katikati ya ngazi? Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena akicheka kuliko wote. Lakini nyumba yake haikuwa tupu. Dada yake, Nirupama, alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na mtoto wa kike aitwaye Ketaki. Siku ileile ya kwanza mtoto alisimama mbele ya Khagen, akanyanyua mikono miwili.

"Mjomba, nibebe."

"Leo nimelegea, mama," Khagen akasema.

"Ukilegea unakuwaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Khagen swali hilo kwa nia ya kutaka jibu. Akaketi kwenye kizingiti, akamweleza. Mtoto akasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande. Kesho yake asubuhi akaja na birika la maziwa, karibu kubwa kuliko yeye, akauliza, "Leo ni ipi, Mjomba? Ni ile ya jana?" Khagen akafikiri, akasema hapana, leo ni unyonge mtupu, viungo vimerudi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Watu wengine huamkiana, wao walikuwa wakiulizana: Leo ni ipi?

Kumbeba hakumbeba. Sikukuu ya mungu wa kike Jagaddhatri ilipofika, sanamu zikipitishwa barabarani kwa ngoma na mienge, watoto wa mtaa wote walikuwa juu ya mabega ya baba zao. Ketaki alisimama chini, ameshika upindo wa nguo ya mjomba, akaona visigino vya watu. Khagen aliona aibu. Alijaribu mwaka uliofuata, Mungu shahidi, akamfikisha kiunoni. Mwaka uliokuja mtoto alikuwa amekua, na mwaka wa tatu haukuwa na maana tena.

Maana Ketaki alikua, jamani! Alikua kama mtu aliyepewa na sehemu ya mjomba wake. Shuleni akawa bingwa wa kutupa tufe, na baadaye akawa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana. Kifua mbele, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kabati la chuma la mama yake alilihamisha peke yake siku ya kufanya usafi, huku Khagen amekaa kitandani akimwelekeza. Na Khagen alipopata homa akaanguka kibarazani, huyo msichana alimnyanyua, akampandisha ngazi zote mpaka kitandani bila kutweta.

"Leo ni ipi?" akamuuliza akimfunika blanketi.

"Mahututi," Khagen akasema kwa furaha.

Basi, Ketaki akachumbiwa. Bwana harusi alikuwa karani wa posta huko Ranaghat, kijana mpole, shingo ndefu, miwani mizito. Wazee wakaangalia nyota, wakapata siku katika mwezi wa Agrahayan, baridi inapoanza, saa ya machweo. Nirupama akaanza kulia siku hiyohiyo ili asichelewe.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Bibi harusi haendi kwa miguu mbele ya bwana harusi. Anakaa juu ya ubao mpana wenye vijiguu vifupi, uliochorwa maua kwa unga wa mchele, uso ameuficha kwa majani mawili ya tambuu. Ndugu zake wa kiume wanne wanashika pembe nne, wanamnyanyua, wanamzungusha bwana harusi mara saba. Na upande wa bwana harusi hawanyamazi, wanapiga kelele, "Juu! Juu zaidi! Hamkula nyie?" Ukimwangusha bibi harusi hapo, wajukuu wake watasimuliwa.

Wakakaa kupanga wabebaji. Ketaki hakuwa na kaka, lakini upande wa marehemu baba yake kulikuwa na Haru na wadogo zake wawili, mabondia wa klabu ya mazoezi, shingo zao hazionekani zilipoanzia. Hao watatu. Wa nne akatajwa binamu fulani wa Bardhaman, mwendesha lori.

"Wa nne ni Mjomba," Ketaki akasema kutoka jikoni.

Haru akatazama kikombe chake cha chai. Khagen ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama," akasema akijifuta macho, "mimi ndiye nitakayekukabidhi kwa mumeo, hiyo kazi ya mdomo naiweza. Kuinua ubao tuwaachie wenye mikono."

Ketaki akatoka jikoni, mikono ina unga. "Mjomba asiposhika pembe moja, hashiki mtu yeyote. Nitashuka nizunguke mwenyewe kwa miguu yangu, mara saba, na viatu nitavaa."

"Ewe mtoto, unataka kuniua!" Nirupama akajipiga kifua. "Watu wa Ranaghat watasema tumewaletea askari!"

"Waseme."

Haru akajaribu upole. "Dada, angalia. Mjomba ni mtu wa heshima. Lakini wewe nawe, samahani, si mwepesi, na ukivaa ile hariri..."

"Haru, nyamaza, nisije nikakubeba wewe."

Ikaisha hivyo. Ketaki akikata kauli, ameikata. Jioni Khagen akamfuata kibarazani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini unanitia aibu? Unanijua mimi. Nitakuangusha mbele ya watu."

Ketaki alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakunyanyua macho. "Hukunibeba hata siku moja, Mjomba. Nataka mara moja tu. Baada ya hapo sikuombi tena."

Alimpenda mtoto yule kuliko alivyoipenda pumzi yake, na pumzi yake mnajua alivyoitunza. Akaingia ndani akajilaza. Usingizi haukuja, na kwa mara ya kwanza hakuona raha ya kumsimulia mtu.

Asubuhi alikuwa kwa Daktari Bhaduri, yule wa vidonge vyeupe vya sukari. Daktari Bhaduri hakupi dawa mpaka akuulize mambo ambayo hata mkeo hayajui, na Khagen alikuwa mgonjwa wake kipenzi, kwa sababu alikuwa na majibu.

"Huo unyonge unazidi ukilalia upande gani?"

"Safari hii, daktari, sikuja kuuelezea. Nimekuja uuondoe."

Daktari akaweka kalamu chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia maneno hayo kwa Khagen. "Uuondoe wote?"

"Wote. Mpaka harusi ipite. Baadaye ukirudi, poa."

Akapewa kichupa cha vidonge vidogo kama mbegu za mchicha, vinne asubuhi na vinne jioni, asile vitunguu. Haru naye, mwenye huruma kuliko alivyoonekana, akamletea mapishi ya klabu: dengu mbichi zilizolowekwa usiku kucha, na tangawizi, kabla ya kupambazuka. Khagen alizitafuna kwa imani. Nguvu hazikuja. Gesi ilikuja. Siku ile dukani mteja mmoja alihama kutoka godoro lake akaenda kwa mwenzake, na Poddar akafungua madirisha yote, watu wakitetemeka kwa baridi.

Wakafanya mazoezi uani. Juu ya ubao wakaweka gunia la mchele na jiwe la Nirupama la kusagia viungo, wakavikadiria kuwa ni Ketaki, ingawa Haru alinong'ona kuwa wamempunguzia uzito kwa huruma. Moja, mbili, tatu, wote wakanyanyua. Pembe tatu zikapanda mpaka kifuani. Pembe ya Khagen ikafika gotini ikagoma. Jiwe likateleza, likampita paka, likavunja chungu cha maua. Khagen alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele.

"Sasa hiyo ni ipi?" Ketaki akauliza dirishani.

"Nyang'anyang'a," Khagen akasema akitazama chungu. "Na hilo neno linatuhusu mimi na chungu."

Wote wakacheka, na yeye akacheka. Ila usiku ule hakula vizuri. Alikuwa amezoea kuchekwa, alikuwa amejenga maisha yake humo, kama wengine wanavyojenga duka. Lakini siku ile kulikuwa na kitu alichokitaka, na ukitaka kitu kicheko kinauma. Akaongeza vidonge vikawa vitano.

Siku ikafika. Tangu alfajiri wanawake walikuwa wakipiga vigelegele na kupuliza makombe ya baharini, manjano yakapakwa, wapishi wakachimba meko nyuma ya nyumba, harufu ya samaki wa haradali ikaujaza mtaa. Na Khagen hakuruhusiwa kula hata punje. Mwenye kumkabidhi bibi harusi hufunga mpaka mambo yaishe. Hapo ndipo tulipotambua, sisi wote tulioona mpango huu na kunyamaza, kwamba tumempa mtu dhaifu kuliko wote mjini ubao wa kunyanyua, tena tukamfungisha siku nzima. Shangazi Khanto, jirani mwenye ulimi usio na mfuniko, akasema, "Mleteeni na kuni za kuchomea maiti, ajichome mwenyewe, mambo yaishe."

Mchana Khagen akaanza kuona vimulimuli. Akamvuta kuhani pembeni, amekishika kile kichupa mkononi.

"Bwana kuhani, hivi vidonge vinavunja mfungo?"

Kuhani akakitikisa kichupa. "Ni chakula?"

"Ni dawa. Ingawa ni sukari."

"Basi ni dawa."

"Na nikila vyote?"

Kuhani akamrudishia kichupa. "Utakuwa umekunywa dawa vibaya," akasema. "Hiyo ni kesi yako na daktari, si yangu na miungu."

Khagen akakimimina kichupa chote kinywani nyuma ya mlango.

Jua likawa linazama. Bwana harusi amesimama chini ya banda, na kofia yake ndefu nyeupe, miwani inametameta kwa taa. Rafiki zake wa Ranaghat wamejipanga, wamekula pipi za maziwa, wana nguvu za kupiga kelele. Nirupama hayupo. Mama wa bibi harusi kwetu haangalii ndoa ya mwanawe, ni mkosi. Amejifungia chumbani, amekumbatia mto. Kwa hiyo mle bandani Ketaki hakuwa na mzazi mwingine ila yule mzee mwembamba wa kofia ya sufu, ambaye Haru alimsihi aivue, akakataa.

Ketaki akakaa juu ya ubao, hariri nyekundu, dhahabu, na majani ya tambuu usoni. Khagen akainama kwenye pembe yake ya nyuma, kushoto. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye baridi ile. Magoti yalikuwa teketeke. Akayaambia magoti, leo tu, jamani, kesho mfanye mnavyotaka. Akajikaza kisabuni.

"Moja," Haru akasema. "Mbili. Hop!"

Ubao ukapanda.

Khagen hakuamini. Ulipanda! Pembe yake ilipita goti, ikapita kiuno, ikafika kifuani na kuendelea. Mzunguko wa kwanza ukaenda, makombe yakilia. Mzunguko wa pili. "Juu!" watu wa Ranaghat wakapiga kelele. "Juu! Hamkula nyie?" Haru na wadogo zake ni wanaume wa kutukanwa mara moja tu. Wakausukuma ubao mpaka juu ya vichwa vyao, na pembe ya Khagen ikaenda nao, mikono yake imenyooka mpaka mwisho. Hapo ndipo aliposikia wepesi wa ajabu. Miguu yake haikuwa na uzito. Hakuhisi ardhi. Maumivu ya goti yameondoka, mgongo umenyooka kama ulivyokuwa ujanani. Ndiyo hizi nguvu, akawaza, kumbe ndivyo zilivyo! Kumbe watu wanatembea na raha hii kila siku na hawasemi! Mzunguko wa tano, wa sita. Juu yake akaona mabega ya Ketaki yakitikisika nyuma ya majani. Analia, mwanangu, akawaza, naye akatokwa na machozi. Vigelegele vikazidi, vicheko vikazidi, na Khagen akavichukua vyote kuwa vya kumpongeza. Wa saba. Ubao ukashushwa mbele ya bwana harusi bila mtikisiko, majani yakaondolewa, bwana na bibi wakatazamana.

Khagen akasimama pale anahema, anatazama mikono yake miwili.

Baada ya kukabidhi, wakampa maji na kipande cha sarpuria, ile pipi yetu ya malai. Akala amesimama, kifua mbele. Akamwambia mpishi kuwa siri ni kupumua. Akamwambia mjomba wa bwana harusi, ambaye hakuuliza, kuwa ubao hunyanyuliwa kwa nyonga. Alikuwa anamfunza Haru mwenyewe, na Haru anaitikia kwa adabu huku anatazama miguu yake, Shangazi Khanto alipopita na sahani ya samaki.

"Khagen, wewe! Mbavu zangu! Nimeolewa, nimeozesha mabinti watano, sijaona bibi harusi anazungushwa huku mjomba wake ananing'inia pembeni kama popo!"

"Nani ananing'inia?"

"Wewe! Miguu yako ilikuwa hewani, baba. Tangu wa pili. Kiatu kimoja kilidondoka, watu wa Ranaghat wamekichukua kwa kumbukumbu."

Khagen akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na soksi tu.

Akamgeukia Haru. Haru akajikuna shingo, mahali ambapo wengine wana shingo. "Tulikuwa warefu, Mjomba. Na wewe hukuachia. Tukaona tusisimame, tusije tukaharibu."

Hapo kila mtu akamtazama Khagen, wakasubiri. Na Khagen, mzoefu, akawapa walichotaka. Akanyanyua mguu wenye soksi juu, akasema, "Basi leo mmeona neno jipya. Kuna mnyonge wa kukaa, mnyonge wa kulala, na sasa kuna mnyonge wa kuruka." Watu wakavunjika mbavu. Yeye alicheka kwa sauti kuliko wote, kisha akasema anakwenda kutafuta kiatu, akaenda nyuma ya meko akakaa juu ya pipa. Aliumia. Mara moja tu aliombwa, na hiyo mara moja akawa mzigo.

Asubuhi gari lililopambwa kwa maua likasimama mlangoni. Kwaheri zetu mnazijua. Ketaki akarusha mchele nyuma ya kichwa chake bila kugeuka, kulipa deni la malezi, Nirupama akaupokea kwa upindo wake mweupe, wote wakalia, hata dereva. Kisha Ketaki akaja kwa Khagen, akainama kumgusa miguu kwa heshima. Khagen alikuwa amevaa viatu vya Haru, vimepwaya.

"Mama," akasema haraka kabla hajanyanyuka, "umesikia waliyosema."

"Sikusikia. Niliona. Nilikuwa nachungulia katikati ya majani."

"Ulikuwa hulii?"

"Nilikuwa nacheka, Mjomba. Karibu nianguke mwenyewe."

"Basi sikukubeba hata hiyo mara moja."

"Hukunibeba," Ketaki akakubali. Hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta. Akasimama, mrefu kumpita, akamfunga mafla vizuri shingoni. "Nilikuwa naogopa kule juu. Watu wote wale, na mama hayupo. Nikatazama chini nikakuona na wewe umepaa, macho umeyatoa, umeng'ang'ania. Hukuachia, Mjomba. Mtu mwingine angeachia."

Akaingia garini. Mlango ukafungwa, dereva akawasha. Sisi sote tulikuwa tumejipanga kibarazani, tumejifunga mafla, tunakohoa. Gari lilipoanza kusogea kioo kikashuka, na Ketaki akatoa kichwa na dhahabu zake zote.

"Mjomba!" ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Leo ni ipi?"

Tukamgeukia Khagen. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Mikono ilikuwa inatetemeka. Midomo imekauka, magoti yanapigana, kifua kimeingia ndani kama kimepigwa ngumi. Asubuhi hiyo alikuwa na unyonge wote aliowahi kuutaja, na mwingine ambao hakuwahi kuukuta. Tukasubiri aseme. Angeweza kuchagua lolote, na safari hii lingekuwa kweli.

"Mzima!" Khagen akaita. "Mzima kabisa, mama! Nenda!"

Ketaki akacheka, akampungia mkono, kioo kikapanda. Gari likapita soko la samaki, likakata kona. Khagen akaendelea kusimama wima, mkono juu, mpaka tulipokuwa hatusikii tena mlio wa gari. Kisha akamshika Haru begani akamwomba amsaidie kupanda ngazi.